Kiatu cha Mwenyekiti

Nianze na lile ninaloona aibu kulisema, maana nikianza na vichekesho vyake nitanogewa, na nitafika mwisho nikiwa nimeshajisafisha. Mguu wa kulia wa Mwenyekiti ulikatwa chini ya goti. Mimi ndiye nesi niliyekuwa nampima sukari kwa miaka sita, na siku aliyotaka niuangalie mguu ule, mimi nilikuwa nacheka. Kituo chetu cha afya sitakitaja, kwa sababu kosa halikuwa la kituo, lilikuwa langu. Daktari wetu alijaribu kuligawanya, eti kila mtu abebe kidogo, nikamwambia asijisumbue.

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote kilichoandikwa popote. Alikuwa bibi muuza dagaa wa Mkuyuni, mgonjwa wa kisukari, aliyekuwa akishuka kutoka kwenye mawe ya Igogo kila Jumanne ya kliniki na kukaa mwanzo kabisa wa benchi la mbele kabla mlinzi hajafungua madirisha. Akikuta mtu mwingine amekaa pale hagombi. Anasimama mbele yake, mikono kiunoni, anamtazama tu bila neno mpaka yule mtu acheke mwenyewe na kusogea. Wagonjwa wakaanza kusema, "Hicho ni kiti cha Mwenyekiti," na jina likakaa. Hata kwenye kadi yake nilijikuta siku moja nimeandika Mwenyekiti badala ya jina, ikabidi nikate.

Alikuwa mfupi, mzito wa juu na mwembamba wa miguu. Kichwani alivaa kofia ya sufu ya njano, ya mtoto, iliyokuwa ndogo kwake, na ukimuuliza alikoipata kila mara alikuwa na jibu jipya. Miguuni alivaa viatu vyeusi vya mpira, vya kufunika, masika na kiangazi. Halafu kulikuwa na harufu ya dagaa. Haikumtoka hata aoge mara mbili, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisema. Anaingia mlangoni anatuamkia, "Mwangaluka! Nimefika, msinitafute kwa macho." Tukaizoea harufu ile hadi tukaacha kuinusa. Naomba msomaji aikumbuke hiyo harufu, mimi niliisahau.

Nilipoanza kazi pale nilikuwa nesi mkali, na ukali wangu nilikuwa nauita uwajibikaji. Wagonjwa wa kisukari wanakuja asubuhi hawajala, vichwa vinawauma, wengine wamepanda na kushuka majabali, halafu wanatobolewa kidole. Mimi nilikuwa nasoma majibu kwa sauti kama mwalimu anayetangaza matokeo. "Kumi na nne! Umekula nini wewe? Kumi na tisa! Unataka kufa?" Watu wazima, wenye wajukuu, wanainamisha vichwa mbele yangu. Wengine wakitoka hapo hawarudi. Na mimi kwenye daftari nilikuwa naandika: mtoro.

Siku ya kwanza ya Mwenyekiti nilisoma vilevile. "Kumi na nane!"

Akakunja mikono kifuani. "Kati ya ngapi?"

"Bibi, hii ni sukari."

"Najua ni sukari. Nauliza, nimefaulu au narudia darasa?"

Benchi zima liliangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilichukia, nikamwambia hapa si kilabuni.

"Haya, mume wangu," akasema kwa upole, "basi uwe unanisomea taratibu sikioni, kama unavyonisomea nyumbani."

Walicheka tena, na mimi mdomo ukanicheza, nikageukia ukuta. Tangu siku ile sikusoma tena namba ya mtu kwa sauti. Hilo nalikiri kwa furaha, maana katika habari hii mahali pa kufurahi si pengi.

Kuniita mume wake hakukuwa ajabu. Kwao Usukumani na kwetu Ujita mila ni ileile, bibi na mjukuu ni watani, mjukuu wa kiume ni mume, na mume huyo anasutwa, anasingiziwa, anadaiwa kitenge, na hana ruhusa ya kununa. Mimi umri wangu ulikuwa wa wajukuu zake. Basi nikimwamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti," ananijibu, "Marahaba, mume wangu, jana ulilala wapi?" Na mimi nikajifunza kumjibu, "Kwa mke mdogo." Wagonjwa wanapiga makofi. Nilikuwa kijana wa mbali na kwetu, bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshazikwa, na nitasema ukweli kwamba Jumatatu jioni nilikuwa najipigia pasi sare nikitunga majibu ya kumpa.

Sheria yake ilikuwa moja: kicheko kwanza, kipimo baadaye. Na aliyenuna apimwe mwisho. Aliianzisha asubuhi moja ya mvua, watu wamelowa, mashine ya kupimia imegoma, na wawili wameanza kutukanana kwa ajili ya foleni. Akasimama. Akasema, "Hapa wote tumekuja na sukari, nani anajiona chumvi kwa mwenzake?" Kisha akawaamrisha wasimame. Akawafundisha vicheko kwa majina. Kulikuwa na kicheko cha mnadani, kile cha mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa akalipwa bei ya mzima, mikono juu, kifua mbele. Kulikuwa na kicheko cha sangara, mdomo wazi kabisa, sauti hakuna. Na kulikuwa na kicheko cha mama mkwe, midomo imefungwa, mabega tu yanapanda na kushuka. "Hiki ni cha kuchekea ndani," alisema, "unapocheka na huku moyoni una lako."

Mwanzoni wanacheka kwa kulazimisha, kwa aibu, wakitazamana. Baada ya dakika mbili inakuwa ya kweli, kwa sababu ukimwona katekista mstaafu anacheka kicheko cha sangara huwezi kujizuia. Wanakaa wanahema, wanajifuta machozi, wananyoosha vidole vyao wenyewe nivitoboe. Vidole vilikuwa vya moto, damu inatoka bila kukamuliwa.

Nilimuuliza daktari kama kuna maana yoyote. Daktari alikuwa kijana mwenye maneno machache. Akasema kicheko hakichukui nafasi ya dawa wala sindano, na atakayemsikia mtu akisema kinachukua amlete kwake. "Lakini mtu mwenye hofu sukari yake inapanda," akasema, "na mtu aliyetulia analala, anakula kwa akili, anarudi kliniki. Wewe tazama daftari lako la watoro." Nikatazama. Majina niliyoyaandikia mtoro yalikuwa yamerudi, moja baada ya jingine, na sukari za wengi zilikuwa zinashuka polepole. Mwenyekiti mwenyewe hakuwahi kudai anaponya. "Mimi nafungua mlango tu," alisema. "Kuingia ni kazi yenu na huyu mume wangu."

Nimkumbuke na fundi baiskeli. Huyu ni mtu wa makamo mwenye kibanda Mkuyuni, jirani na meza ya dagaa ya Mwenyekiti. Daktari alimwandikia insulini, akaitupa chooni, kwa sababu aliamini sindano ni ya mtu wa kuagwa. Mimi nilimhubiria, nikamtisha kwa macho, kwa figo, kwa kifo. Alikuwa anaitikia "ndiyo, nesi" na hachomi. Jumanne moja Mwenyekiti akamkalisha pembeni yake, akamkabidhi chungwa na bomba la sindano alilonipokonya mkononi.

"Fundi, hii ni tairi. Imepasuka?"

"Haijapasuka, Bibi."

"Basi leo kazi yako ni kuitoboa. Wewe maisha yako yote umeziba pancha za watu, hata moja hujawahi kutoboa?"

Fundi akacheka kichinichini, akasema wako mafundi wanaotoboa ili wapate wateja. "Ahaa!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Kumbe mkono unaujua!" Fundi alicheka mpaka machozi, na akiwa bado anacheka akalichoma lile chungwa, halafu nikampa bomba jipya lenye dawa yake, akapandisha shati na kujichoma tumboni, mwenyewe, mbele yetu. Yuko hai hadi leo. Mimi kwa vitisho vyangu ningekuwa nimeshahudhuria mazishi yake.

Sasa, asije mtu akadhani namchora malaika. Mwenyekiti alikuwa mwongo wa chakula. Alikuwa akiwasimamia wenzake kama polisi, nani kanywa soda, nani kala ugali mlima mzima, na huku ndani ya mfuko wake, chini ya kadi ya kliniki, kulikuwa na michembe. Viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwao Misungwi, alivitafuna kimoja kimoja akidhani simwoni. Nikimfumania anasema ni dawa ya meno. Alikuwa mbishi, alikuwa na kisirani na wanaochelewa, na mwanamke mmoja aliyemzidi kwa kuchekesha alimtafutia sababu za kumkalisha nyuma. Na kitu kingine nilikisikia kwa fundi nikakipuuza. Fundi alisema sokoni yule bibi hachekeshi mtu. Anauza dagaa kimya, anapima kopo, anapokea, basi. Nikasema labda anachoka.

Lakini fumbo lake kubwa lilikuwa viatu.

Kila baada ya miezi kadhaa sharti tuangalie miguu. Kisukari kinaua hisia miguuni, na mtu anaweza kukanyaga msumari akatembea nao siku nzima hajui. Kuna uzi maalumu wa nailoni wa kupimia. Wetu ulipotea, nikakata kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, nikakifunga kwenye kalamu ya wino. Mgonjwa anafumba macho, mimi namgusa nyayo kwa ncha ya mshipi, na akisikia anasema "hapo". Mwenyekiti ndiye aliyewashawishi wote wavue. Watu wanaona haya kuonyesha miguu yenye magaga mbele ya kijana. Aliwafungulia kamba mwenyewe, akawatania kuhusu kucha zao, "hizi unachimbia viazi?" na wakavua.

Yeye hakuvua. Nikifika kwake anakumbatia magoti. "Mume wangu! Mbele za watu? Ngoja tufike nyumbani." Benchi linalipuka. "Mahari hujamaliza, unataka kiatu!" Linalipuka tena. Na mimi, ambaye ni kazi yangu, ninayelipwa kwa hiyo kazi, nilikuwa nasubiri kicheko kitulie, naongeza cha kwangu, halafu namruka na kwenda kwa anayefuata. Mara ya kwanza nilijiambia nitamwangalia wiki ijayo. Baadaye ikawa ndiyo mchezo wetu, na watu walikuwa wanausubiri. Kwenye kadi yake, mahali pa miguu, nimeandika mara nne: mizima. Kadi ile ninayo. Mwandiko ni wangu, na ni mzuri.

Sifa za kliniki yetu zikavuma. Nikaambiwa watakuja wageni, watu wakubwa wa afya, waone jinsi wagonjwa wa kisukari wanavyotunzwa kwa furaha. Mimi ndiye nilipewa kuandaa. Nilivimba kichwa. Nilimfuata Mwenyekiti mpaka sokoni, nikamwambia avae kitenge kizuri, na nikampangia utaratibu: kwanza cha mnadani, kisha cha sangara, halafu ile yetu ya mume na mke. "Usiniangushe, mke wangu," nilimwambia. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ameunyoosha. Akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, akasema, "Jumanne si mbali."

Jumanne ile alichelewa. Hakuwahi kuchelewa. Wageni wameshakaa kwenye viti vya plastiki tulivyoazima kanisani, na mimi jasho linanitoka, ndipo akaingia, anajishikilia ukutani.

"Mke wangu, umechelewa, wageni wako hapa!"

"Mguu ulikuwa haujaamka," akasema.

Watu wakacheka, nikacheka. Akakaa mahali pake. Nikasubiri asimame aanze cha mnadani. Hakusimama. Akainama, akaanza kuvuta kiatu cha kulia, kwa shida, kwa mikono miwili, na kila mtu akanyamaza kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

"Mume wangu," akasema, "leo nimekuja nikuvulie."

Benchi lililipuka. Wageni walitazamana, mmoja akatoa simu aanze kupiga picha.

"Huu mguu umeniacha. Umeenda zake Misungwi, hata kuaga haujaaga. Naukanyagia kwenye mawe, haunijibu. Naumwagia maji ya moto, haunijibu."

Nilijua zamu yangu imefika. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kama mchezaji aliyepasiwa mpira mguuni. Nikageuka kidogo upande wa wageni, nikasema kwa sauti, "Basi uambieni urudi na michembe!"

Ukumbi ulivuma. Yule mwenye simu alikuwa anacheka hadi simu inatikisika. Mwenyekiti alikuwa ananitazama. Kisigino kilikuwa kimeshatoka nje ya kiatu, kimevimba, nilikiona. Nilikiona! Na ile harufu, nzito kuliko siku zote, nikasema moyoni, leo katoka sokoni moja kwa moja.

"Hata salamu hauniletei, mume wangu," akasema, safari hii taratibu.

"Utakuwa umepata mume mwingine huko."

Akacheka. Midomo imefungwa, mabega yanapanda na kushuka. Akakisukuma kisigino ndani, akapiga kiatu chini mara mbili kikae, akasimama kwa kushika bega la fundi na kuwaongoza watu wote kwenye kicheko cha mnadani, kisha cha sangara, kama nilivyopanga. Wageni walipeana nami mikono. Tulipiga picha ya pamoja, yeye katikati na kofia yake ya njano, mimi pembeni nimetoa meno yote. Walipoondoka nilimtafuta nimshukuru, nikaambiwa ameshapanda kwake. Nikasema nitamshukuru wiki ijayo.

Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Kutoka kituoni hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye miguu miwili, na mimi sikwenda. Fundi ndiye aliyekuja, hajavua hata kofia, akanikuta napanga kadi.

"Bibi wamemshusha kwa machela. Yuko hospitali. Wanasema wanakata."

"Wanakata nini?"

"Mguu, nesi. Nimekikung'uta kiatu chake mimi mwenyewe. Kimetoka kijiwe, hivi, kama punje ya hindi. Amekitembelea siku ngapi, hajui. Unyayo wote umeoza." Akavua kofia, akasema, "Si alikwambia?"

Nilitaka kusema hakuniambia. Nilifungua mdomo kabisa kusema hivyo.

Daktari aliniita ofisini. Alisema tusikilaumu kicheko, kwamba kicheko hakikukata mguu. Hilo nakubaliana naye. Watu wale walihitaji kucheka na bado wanahitaji. Kicheko kilifanya kazi yake, mimi ndiye sikufanya yangu. Mwenyekiti alikuwa ameficha kidonda kwa haya, kama wenzake wote walivyokuwa wanaficha miguu yao, ila wenzake walikuwa na yeye wa kuwavua. Siku alipopata ujasiri alinijia kwa lugha pekee tuliyokuwa nayo mimi na yeye, mbele ya watu ambao mimi ndiye niliwaita, na mimi nikamrudishia utani tu.

Hospitali sikwenda kumwona. Nilisema nina zamu. Fundi akinipa habari nilikuwa naitikia huku naandika. Alipotolewa, binti yake akamchukua kwenda kwake Misungwi. Kliniki ikaendelea, benchi la mbele likabaki na nafasi pale mwanzo, hakuna aliyekaa. Jumanne moja wakaniomba, "Nesi, kicheko kwanza." Nikasimama, nikapandisha mikono, nikafungua mdomo. Kilichotoka hakikuwa kicheko na wote walitazama chini, kama enzi zile nilipokuwa nikisoma namba. Nikawaangalia miguu, mmoja mmoja, hata aliyesema, "Jana tu niliangaliwa."

Ilichukua miezi saba. Jumamosi moja asubuhi nikaenda Misungwi, na maziwa lita mbili. Nyumba nilielekezwa. Uani kulikuwa na turubai limetandazwa, juu yake michembe inaanikwa, na binti yake, mama wa makamo, amekaa anakata viazi ndani ya beseni.

"Wewe ndiye yule mume?" akaniuliza. Hakucheka.

"Ndiye mimi, dada."

"Fundi wenu akija hapa anasimulia jinsi mama anavyochekesha watu. Nikajua kakosea nyumba. Mimi ni mwanaye wa kumzaa, sijawahi kumsikia akichekesha mtu. Hapa anaweza kumaliza siku hajafungua mdomo." Akaelekeza kisu upande wa kivuli cha nyumba. "Yule pale."

Alikuwa kwenye kiti cha mbao, kofia ya njano kichwani, kitenge kimefunika magoti. Upande wa kulia kitenge kilianguka wima. Nikainama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

Nikasubiri. Nilikuwa nimetunga jibu njiani, niliona aibu baadaye kwamba nilitunga jibu. Hakuniuliza nimelala wapi.

"Karibu, nesi," akasema. "Kaa."

Miaka sita, hajawahi kuniita hivyo. Nikakaa chini, si kwenye kigoda alichonionyesha. Tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya dagaa. Binti akapokea maziwa, akashukuru, "wabeja", akarudi kwenye viazi vyake. Mwisho nikasema, "Bibi, siku ile ya wageni."

"Naikumbuka."

"Nilidhani unatania."

"Nilikuwa natania." Alikuwa anaangalia michembe. "Ningesemaje pale? Niseme mguu wangu unanuka, mbele ya wale watu wenye simu? Nilifikiri, huyu tumetaniana miaka yote hii, ananijua. Atasikia kilichomo ndani."

"Nisamehe, Bibi. Sina neno jingine."

Kuku walipita mbele yetu, wakarudi. "Ungekuwa mtani wangu tu, ningekwambia yameisha," akasema. "Mtani hakosei. Lakini ulikuwa nesi vilevile, na hilo ndilo linanishinda nilifanyeje."

Nilitamani anitukane. Nilitamani hata anitanie, jambo baya lolote, la mama yangu, la ukoo wangu mzima. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Kisha akauliza, "Ule mshipi wako unao?"

Ulikuwa mfukoni mwa shati, umefungwa kwenye kalamu yake. Ninatembea nao siku hizi.

Akasogeza kitenge, akaunyoosha mguu wa kushoto. Ulikuwa na kiatu kilekile cha mpira, kiatu kimoja kilichobaki na kazi. "Niangalie huu," akasema. "Na usinichekeshe."

Nikapiga magoti, nikamvua. Hakukumbatia goti. Nikawasha tochi ya simu, nikatazama katikati ya vidole, kimoja kimoja, nikatazama kucha, kisigino, unyayo wote, nikaingiza mkono ndani ya kiatu na kukipapasa mpaka mwisho, nikakikung'uta. Hapakuwa na kidonda. Hapakuwa na kijiwe. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Fumba macho, Bibi. Nikigusa, sema."

Akafumba. Aliyafumba kwa nguvu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, uso umetulia, anasikiliza. Nikagusa kidole gumba. Nikagusa chini ya kidole cha mwisho. Nikagusa kisigino, nikabonyeza mpaka mshipi ukapinda. Nyuma yangu binti alikuwa ameacha kukata viazi. Nikarudi kwenye kidole gumba.

"Anza basi, mwanangu," akasema Mwenyekiti. "Mimi niko tayari."